Tiketi za Wodi ya Wanaume

Huyu bwana wanamwita Waya, na si kwa ajili ya kazi yake tu. Akisimama kiupande unaanza kumtafuta. Lakini kompyuta zote za ile hospitali, kuanzia mapokezi mpaka maabara, ziko mikononi mwake, kwa hiyo anayetaka kumcheka na acheke taratibu.

Mapenzi yalimkuta hukohuko kazini. Alimpenda binti wa famasi, binti akakubali, ikabaki idhini ya shangazi wa binti. Na shangazi mwenyewe ndiye Sista mkuu wa wodi ya wanaume, mama ambaye madaktari wakimwona wanafunga vifungo vya makoti. Wachumba wawili wa mwanzo aliwatazama tu, wakapotea wenyewe.

Siku moja Sista huyo akatua ofisini kwa Waya, kafura. Amemkuta jamaa wa mgonjwa kajikalia kaunta, anajisomea faili la kitanda cha jirani, kwenye kompyuta iliyoachwa wazi kwa jina la muuguzi aliyekwisha hama. Waya akamweleza kwa adabu zote kwamba ukiandika neno lako la siri, seva inakupa tiketi isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayokufungulia kila mlango bila kuulizwa tena. Tiketi za pale hazikuwa na mwisho wa maana. Mtu kahama, tiketi yake bado inazurura. Akaahidi kuziwekea kikomo. Sista akaitikia kwa kichwa, na Waya akaihesabu hiyo kuwa ni tabasamu.

Basi akajiegemeza kitini, akawaza. Yeye huingia kazini asubuhi, hupiga kazi, hupiga soga, huchelewa kidogo kutoka. Masaa kumi yanamtosha mtu yeyote na chenji inabaki. Akaandika kumi, akianza na wodi ya wanaume, akabonyeza, akaenda kujigamba kwenye dirisha la famasi.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, wodi nzima ya wanaume ilitupwa nje ya mfumo. Kompyuta zote kwa mpigo, maana wauguzi wote walikuwa wameingia pamoja saa moja asubuhi. Ilikuwa saa ya dawa. Walikuwa katikati ya kuandika nani kachomwa sindano na nani bado, na yale maandishi yakayeyuka. Sista akasimamisha kila sindano, akapiga simu yenye neno moja: njoo.

Waya alikuta wauguzi wanahesabu vichupa vitupu kwenye sinia na kuulizana. Mgonjwa mmoja aliinua kichwa akataka kujua kama yeye kachomwa au bado, maana kama bado, hatalalamika wakimsahau. Ndipo kijana akakumbuka kwamba zamu ya wauguzi ni masaa kumi na mawili.

"Ni nini hiki?" Sista akauliza.

Sasa, mafundi wa fani hiyo wana jibu lao: ni mtandao. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea, umebebeshwa makosa ya watu wengi, na bosi wake Waya amefika karibu na kustaafu kwa jibu hilo hilo. Lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi wa kijana.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimekata tiketi fupi kuliko zamu. Nimewapima kwa kazi yangu mwenyewe."

"Kwa hiyo mtandao hauna tatizo?"

"Mtandao ni mzima. Mbovu ni mimi."

Akakaa palepale kaunta, akaweka masaa kumi na manne, zamu pamoja na muda wa kukabidhiana, kisha wauguzi wakaingia upya mmoja mmoja, kila mtu na tiketi mpya. Vichupa navyo vikakubaliana na vitanda: hakuna aliyechomwa mara mbili, wala aliyerukwa, hata yule aliyetamani kusahauliwa.

Sista akamtazama muda mrefu. Waya akaona ndiyo zamu yake ya kupotea.

"Miaka yangu yote humu, anayekosea ni mtandao," Sista akasema. "Leo nimemwona mtu." Akachukua sinia yake. "Jumapili uje nyumbani na mama yako."

"Ndiyo, Shangazi."

Neno lilimtoka lenyewe. Sista hakulirudisha.

Waya alifika korido, akaegemea ukuta, akicheka peke yake kama aliyetolewa kisimani. Akampigia mama yake, akamweleza. Mama akauliza kama viatu vyeusi vya mwanawe vimekwisha toka kwa fundi.