Kuponi za nusu bei London: nilijikuta nanunua mahitaji ya marehemu

Wakuu, salama humu? Kuna mdau aliuliza juzi kama kuponi za maduka ya bei chee huku UK zinaokoa hela kweli. Nilianza kumjibu kule kule, ikawa ndefu, nimeona nifungue uzi. Sitaongeza chumvi, yenyewe imeshakolea.

Niko Hayes, magharibi mwa London, napanga mizigo kwenye warehouse karibu na airport. Mwaka jana nikapata flat ndogo. Mwenye nyumba ni mzee wa Kihindi anayekaa Harrow, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili anakimwaga kuliko mimi. Kabla yangu alikaa bibi mmoja wa Kizungu, akafia humo humo.

Kwenye droo ya jikoni nikakuta kadi ya huyo bibi, ya duka la bei chee la pale mtaani. Zile kadi za pointi, ukiiskani, kuponi za vitu alivyozoea kununua mwenye kadi zinatoka chini ya risiti.

Nikampigia mzee. Akasema, "Tumia tu, bwana. Mwenyewe hana haja nayo tena."

Wabongo mtanielewa. Kwetu mita ya umeme inasoma jina la babu aliyezikwa zamani na taa zinawaka. Nani anahangaika kubadilisha? Nikaitumia.

Nilikuwa nabana matumizi ili nimlete mke wangu, Zawadi. Kwa hiyo kuponi ikitoka, nanunua.

Ya kwanza poda ya lavenda. Nikatia kwenye viatu vya kazini. Zikafuata pipi za mint. Kisha vidonge vya kusafishia meno bandia, nikasugulia sinki, na vinang'arisha balaa. Kisha makopo ya chakula cha paka.

Sina paka. Lakini manne kwa bei ya moja, jamani, ningeyaachaje?

Taratibu nikazoea. Nikitoka shift nakaa kwenye kiti cha dirishani, namung'unya mint, natazama nje. Sijui nilikuwa namsubiri nani.

Zawadi akafika. Siku hiyo hiyo akaingia bafuni, akatoka, akakaa juu ya begi lake na koti hajavua.

"Baba Neema, huyu mama unayeishi naye yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Usinifanye mtoto. Nyumba nzima inanukia yeye. Niambie, nijue kama narudi kwetu."

Wakuu, niliogopa. Nimebana miaka yote hiyo, halafu ndoa ivunjwe na poda. Nikamweleza kila kitu, nikampa ile kadi yenye jina la bibi. Akalisoma lile jina, akaigeuza nyuma.

"Heri angekuwa mwanamke hai," akasema.

Tukaikata kwa mkasi. Poda, pipi, vidonge, makopo, vyote tukatupa. Zawadi akajiandikishia kadi mpya, jina lake, namba yake ya simu.

Sasa jibu kwa mdau. Ukienda dukani unajua unachotaka, ukakuta kuponi ya unga au mafuta unayotumia, unaokoa. Ukisubiri kuponi ikuambie cha kununua, huokoi kitu, unahudumia nyumba ya mtu mwingine. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, mimi nilidhani wanaongelea nyama.

Ningeishia hapo. Ila Jumamosi Zawadi karudi kutoka dukani na mchele, vitunguu, na poda ya lavenda.

Nikamuuliza hii ya nini.

"Imetoka kwenye risiti yangu," akasema, huku anajipaka shingoni. "Nusu bei."

Mwenye kuyajua mambo haya ashuke hapo chini, hata wa kunicheka karibuni. Zawadi anaogopa paka toka utoto. Sasa hivi naandika, yeye yuko jikoni, kafungua dirisha na baridi hii, anagonga kopo la chakula cha paka kwa kijiko.