Ubao Mwembamba wa Mtu wa Kilo Themanini na Tano

Daktari alimwambia mume wangu atembee nusu saa kila siku. Ushauri huo haukuhitaji kifaa chochote zaidi ya miguu, na nadhani ndiyo sababu aliukataa. Alisema mtu wa umri wake hawezi kuonekana akizunguka Buruburu jioni bila mahali anapoenda. Majirani watadhani nimemfukuza nyumbani. Nikamwambia abebe mfuko wa sukuma wiki ili aonekane ametumwa. Hakucheka.

Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia kutoka kiwanda cha mabati kule Industrial Area, ambako kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuinua na kusukuma. Siku alipoacha kazi, tumbo lake halikupewa taarifa. Liliendelea kupokea ugali wa mtu anayeinua mabati, ilhali kitu kizito alichoinua sasa kilikuwa rimoti ya televisheni.

Kanisani kwetu kuna kikundi cha wanaume, na mwenyekiti wake ni bwana mmoja mwembamba, jirani yetu, ambaye shati lake huning'inia kama bado liko kwenye kamba. Jumamosi moja alituma picha kwenye kundi la simu. Alikuwa amesimama juu ya ubao wa kujazwa upepo, katikati ya bwawa, kasia mkononi. Mume wangu aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha za harusi yetu.

"Haya ndiyo mazoezi," akasema.

"Lakini amesimama tu. Hata hapa unaweza kusimama."

"Ukisimama juu ya maji, kila msuli unafanya kazi. Wewe hujui mambo haya."

Kweli sikujua. Wala yeye hakujua, ila alimpigia mwenyekiti simu, na mwenyekiti, bila ubaya wowote moyoni, akamwambia, "Chukua wa unene wa sentimita kumi kama wangu. Ule wa kumi na tano ni wa watu wazito."

Baada ya hapo, hakuna malaika ambaye angemfanya mume wangu anunue ubao wa sentimita kumi na tano.

Duka lenyewe lilikuwa ndani ya ghala kubwa, palipouzwa mahema na vifaa vya majini. Aliyetuhudumia alikuwa msichana aliyeijua kazi yake vizuri, jambo lililomuudhi mume wangu tangu mwanzo. Alitueleza kwamba ndani ya ubao ule kuna maelfu ya nyuzi zinazoshika upande wa juu na wa chini zisiachane upepo ukijaa. Ubao ukiwa mnene, unakakamaa zaidi na haupindi mtu mzito akisimama katikati. Mwembamba hukaa karibu na maji na hugeuka kwa urahisi, lakini unamfaa mtu mwepesi au mtoto.

"Kwa hivyo, mzee, una kilo ngapi?"

"Themanini na tano," akasema mume wangu.

Mimi nilikuwa natazama viatu vya mpira kwenye rafu. Niliendelea kuvitazama. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kadi ya kliniki ya wiki ile ile, na daktari alikuwa ameandika mia moja na kumi na mbili kwa mwandiko ambao, kwa mara moja, ulisomeka. Nilinyamaza. Ningependa kusema ilikuwa heshima, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona mambo yataishia wapi.

Msichana alimwangalia kama mtu ambaye amewahi kusikia themanini na tano nyingi. Kisha akatuonyesha mbao mbili zilizojazwa upepo, kila mmoja umelazwa juu ya mabenchi mawili, benchi moja kila mwisho.

"Panda katikati ya huu, halafu ule. Utaona tofauti wewe mwenyewe."

"Viatu vyangu vina matope."

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

"Unaweza kuvivua, baba."

"Nina haraka."

Nikavua vyangu nikapanda mimi. Ule mwembamba ulizama kidogo katikati, na mimi nina kilo sitini na mbili. Ule mnene haukutingishika hata kidogo.

"Umeona?" mume wangu akamwambia msichana, akiuonyesha ule mwembamba. "Haujavunjika."

Msichana akasema kwamba yeye angeshauri wa kumi na tano. Mume wangu akajibu kwamba ule unaonekana kama umevimba. Tukaondoka na mwembamba, umekunjwa ndani ya begi la mgongoni, na njia nzima aliusifu kwa wepesi wake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda bwawa lile lile la kwenye picha, upande wa Barabara ya Kangundo. Wanaume wa kikundi walikuwepo, pamoja na wake wawili watatu na sufuria ya mahindi ya kuchemsha. Mume wangu akapiga pampu kwa dakika kumi, akatangaza kwamba ubao umejaa ingawa mshale wa pampu ulikuwa bado mbali na alama ya kijani, akavaa jaketi la kuelea na kofia, akaingia majini.

Alipopiga magoti, ubao ulivumilia. Aliposimama, ulipinda. Pua ikainuka, mkia ukainuka, na katikati akabaki mume wangu, maji yakimfika vifundoni, kama mtu aliyesimama ndani ya karai. Kasia alilishika kwa mikono miwili na uso ulikuwa mzito, akitazama mbele, kana kwamba kuna mahali anaelekea.

"Upepo hautoshi," akasema aliporudi ukingoni.

Hapo alikuwa na haki kidogo. Wanaume wawili wakamsaidia na pampu hadi mshale ukafika kwenye kijani. Ubao ukawa mgumu kiasi kwamba ukiupiga kofi mkono unauma. Akarudi majini, akasimama, ukapinda tena, safari hii pungufu kidogo. Mwenyekiti akampita kwenye ubao kama huo huo, amenyooka, akampa moyo: "Jifanye mwepesi!"

Sijui mtu hujifanyaje mwepesi. Mume wangu alijaribu. Alivuta pumzi ndani, akainua mabega, na ubao ukamtoka chini ya miguu kama sabuni.

Kofia ndiyo iliyotokea kwanza. Kisha nikahesabu sekunde kadhaa ambazo sipendi kuzikumbuka, kwa kuwa mume wangu haogelei kama anavyosimulia. Nilijikuta ndani ya maji hadi kiunoni, na gauni langu la Jumamosi, kabla sijaamua kuingia. Jaketi lilimwinua, akakohoa, nikashika kamba ya jaketi mgongoni nikamvuta.

"Pampu hii ni mbovu," akasema, maji yakimtoka puani.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa, nilipanda ubao ule mwenyewe. Nilianza kwa magoti, kisha nikasimama. Ulikaa chini karibu na maji, ukanisikiliza kila nilipogeuza kasia. Nilikwenda hadi kwenye matete na kurudi. Hakuna mtu anayekera kama mke anayeweza jambo mara ya kwanza, na nilihakikisha narudi polepole ili aone vizuri.

Tulikuwa tumekaribia mtaa wa Umoja, njiani kurudi nyumbani.

"Themanini na tano," akasema, macho barabarani, "ndizo nilizokuwa nazo wakati tulipokutana. Nilikuwa nabeba bati mabegani mwangu peke yangu, wengine wanabeba wawili wawili."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumkejeli, mengine mazuri sana. Sikuyatumia. Nilimwambia nakumbuka, na nilikuwa nakumbuka kweli.

Wiki iliyofuata tulirudi dukani. Alivua viatu kabla ya kuambiwa, akavipanga kando kama mtu anayeingia msikitini, akasema, "Mia moja na kumi na mbili," kwa sauti iliyomfikia hata askari wa getini. Msichana hakutabasamu. Akampa mkono apande. Mume wangu akasimama katikati ya ubao mnene, akajitikisa kidogo, akajitikisa tena kwa nguvu. Ubao haukusema kitu. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipinga.

Sasa tuna mbao mbili. Ule mwembamba ni wangu, kwa maelezo yake rasmi kwamba alininunulia. Mnene ni wake, na lazima niseme anasimama juu yake vizuri. Lakini ubao mnene hukaa juu ya maji, na kile kinachokaa juu hukamatwa na upepo. Siku ya kwanza ulimpeleka hadi upande wa pili wa bwawa, amesimama wima kama mheshimiwa kwenye gari la wazi, hawezi kugeuka. Ilibidi apige magoti na kupiga kasia zaidi ya nusu saa ili arudi.

"Nilikuwa nakagua upande ule," akatueleza.

Akala mahindi mawili, akauvuta ubao wake chini ya kivuli, akalala juu yake, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma mbele ya kikundi chote. Mimi nikachukua kasia langu nikarudi majini. Upepo ulikuwa umetulia.