Fundi Anayelipia Kutafuta

Kila asubuhi fundi wa kutengeneza cherehani hupangusa kidole gumba kwenye suruali kabla hajagusa simu. Kwenye kivinjari chake cha intaneti ameweka kiendelezi, kijiprogramu cha nyongeza, basi kila anachouliza kinakwenda kwenye mtambo wa kutafuta habari mtandaoni anaoulipia kila mwezi. "Bure ipo, wewe unalipia!" shangazi yangu alimcheka siku alipomwita nyumbani kwetu. "Ya bure inanijazia matangazo, mama," fundi akajibu. Cherehani ya shangazi ilishawashinda mafundi watatu, na sare za shule zilitakiwa kesho yake. Fundi akaandika kwenye simu namba iliyo tumboni mwa mashine. Mchoro wa mashine ile ukatokea wa kwanza kabisa! "Lo! Springi wameiweka kichwa chini!" Akaigeuza. Sindano ikakimbia juu ya kitambaa, shangazi akapiga vigelegele. Fundi akatoka mbio kwa furaha, akimwonyesha kila mpita njia ule mchoro. Chai tuliyommiminia ikapoa, hakurudi.