Orest Hawrylak na Treni Aliyoidharau

Kwa miaka thelathini na mmoja Orest Hawrylak aliongoza treni akiwa amekaa kitini, pale Edmonton, mbele ya skrini sita, na hakuna kitu alichokidharau kama treni ya abiria. Mizigo aliiheshimu. Ngano ina mwenyewe anayeisubiri, mbao vilevile. Lakini ile treni ya vitanda inayokatiza nchi kutoka Vancouver hadi Toronto, siku nne usiku na mchana, yeye aliiita hoteli ya wavivu. Ilipojitokeza tu kwenye skrini yake aliisukumia njia ya pembeni, ikae huko mpaka wenye kazi wapite. Kuna siku aliisimamisha karibu na Hinton kwa saa tisa nzima, kisha akaenda nyumbani kuwasimulia mkewe na binti yake mezani, wakacheka wote watatu.

Sasa alikuwa mstaafu, na jicho lake la kushoto lilikuwa limemgeuka. Pazia la ndani, lile linalopokea mwanga, lilibanduka. Daktari akalirudisha, akaingiza kiputo cha gesi kulishikilia, kikawa kinacheza humo kama lile tone la hewa kwenye pima maji ya fundi. Mpaka kiyeyuke, ndege ni mwiko: ukiwa juu angani gesi hutanuka na jicho linaharibika. Kuendesha gari kwa jicho moja mpaka Toronto hata yeye hakuthubutu kulitaja. Na Toronto ndiko Larissa, mtoto wake wa pekee, alikokuwa anaolewa baada ya wiki tatu.

Wiki ile ya kwanza alikuwa ameamriwa kuinamisha uso mchana kutwa. Kwa hiyo safari yake ya kwanza ya treni aliipanga akiwa amelaza paji la uso kwenye ukingo wa meza ya jikoni, ratiba na michoro ya mabehewa imetandazwa sakafuni kati ya miguu yake.

"Unaona nini huko chini, mzee?" mkewe Pauline alimuuliza akiwa anakanda unga. "Toronto?"

"Naona upuuzi. Eti chumba cha mtu mmoja. Kitanda ukikishusha kinafunika choo! Ukibanwa na haja, ukunje kitanda kwanza. Aliyechora kitu hiki alikuwa na akili timamu?"

"Chukua kile cha pazia, basi."

"Nilale ukumbini nyuma ya kitambaa, watalii wapite na kamera zao wakinipapasa miguu?"

"Nani atakupapasa wewe? Hata mimi nimeacha."

Pauline yeye alikuwa na tiketi yake ya ndege tayari, na alikuwa akimhurumia mumewe kwa kiasi kidogo sana. Miaka yote hiyo alikuwa amemsikia akiwatukana wasafiri wa watu.

Kitu kimoja tu katika harusi ile Orest hakukidharau. Ukumbi aliuona wa kujionyesha, na bwana harusi alimwona mlegevu. Lakini asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kwenda kanisani, maharusi wangeinama mara tatu mbele ya wazazi walioshika mkate wa baraka. Baba yake alikuwa amemshikia yeye. Orest alitaka kuushika ule mkate kuliko alivyotaka jicho lake lipone, ingawa hakuwa amemwambia mtu.

Treni zilikuwa mbili. Ya Jumanne ingefika Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya harusi. Kwa mujibu wa karatasi, lakini: na karatasi ile Orest aliijua ilivyo, kwa sababu mmoja wa walioifanya iwe ya uongo alikuwa yeye. Ya Jumamosi iliyotangulia ingefika na siku nne za akiba. Shida ni kwamba Jumatatu katikati hapo alitakiwa kwa daktari wake, na kwa daktari mwingine hakutaka kusikia, hasa wa Toronto, mji ambao aliamini haujawahi kutoa kitu isipokuwa kelele.

Akampigia Clayton Beaudry, aliyerithi kiti chake na ambaye Orest mwenyewe alimfundisha kazi.

"Clayton, kuna treni ya Jumanne, wiki ya harusi ya binti yangu. Nifungulie njia kidogo, usiiweke pembeni."

"Treni gani, bosi?"

"Ya abiria."

Clayton alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Jamani, sikieni, Hawrylak anapanda hoteli!" Nyuma yake chumba kizima kikapiga makofi.

"Nisikilize, wewe."

"Nikusikilize nini, mzee wangu? Treni ya mizigo siku hizi ina urefu wa kilomita nne. Njia ya pembeni haifiki hata mbili. Anayeingia pembeni ni nani? Mfupi. Si ulinifundisha wewe? Beba sandwichi."

Orest alikata simu akiwa na hasira mara mbili, maana hakukuwa na neno la uongo humo. Akampigia Larissa.

"Nakuja na ya Jumanne. Nikichelewa mpaka Jumamosi asubuhi, mwambieni padri asubiri saa mbili tatu."

"Baba, mkate atashika mjomba Walter. Nilimwomba siku ileile mama aliponiambia unakuja kwa treni."

Walter ni kaka yake Pauline. Anauza mabeseni makubwa ya maji moto, ya watu kuogea bustanini, na huvaa viatu bila soksi.

"Walter! Yule muuza mabeseni?"

"Anakaa dakika kumi kutoka hapa."

"Mimi ndiye baba yako!"

"Najua, Baba. Na treni hiyo pia naijua, nimeisikia mezani tangu utoto. Ile uliyoiweka Hinton kwa saa tisa, mle ndani kulikuwa na watu?"

"Walikuwemo. Mia mbili hivi."

"Walikuwa wanakwenda wapi?"

Orest alitaka kusema wanakwenda kutalii, wanakwenda kula na kulala. Akaona aibu. Mle kwenye skrini walikuwa mstari mfupi wenye namba, na hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alisema.

"Haya, Baba," Larissa akasema, na simu ikakatika.

Akaiokota ratiba sakafuni. Kisha akaipigia ofisi ya tiketi. Ya Jumamosi ilikuwa imebaki na kitanda kimoja, cha juu, nyuma ya pazia. Akakichukua.

"Tunawashauri abiria wasipange jambo siku ya kufika," msichana wa tiketi akamsomea. "Treni huchelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu."

"Sababu yenyewe ndiyo mimi, binti."

"Samahani?"

"Andika tu jina."

Akampigia Larissa tena. "Naondoka Jumamosi. Nitafika Jumanne. Hata nikichelewa siku mbili, nitakuwepo."

"Na daktari?"

"Toronto si wapo?"

"Tangu lini unawaamini?"

"Siwaamini."

"Njoo, Baba. Lakini Walter simwondoi. Atakaa karibu na mkate mpaka nikuone kwa macho yangu mlangoni."

Orest alikuwa na la kusema kuhusu Walter, tena la kutosha kumfikisha Toronto akiwa bado analisema.

"Mwambie nimeshukuru," alisema.