Mayai ya Ghorofa ya Saba

Hiram Njenga alikuwa fundi wa rangi. Alitoka Murang'a akiwa kijana, akaolewa na Kisumu, kama alivyopenda kutania. Kila mchana alipopata nafasi alikwenda kunywa chai kwa Mwalimu Agneta Obonyo, mjane mstaafu aliyeuza vitabu vya mitumba mkabala na jumba moja refu la ofisi.

Kilichowakutanisha ni kozi wawili waliokaa kwenye ukingo wa ghorofa ya saba. Ni ndege wawindaji, wenye kifua cha madoadoa, wanaoporomoka kutoka juu kama jiwe na kumdaka njiwa hewani. Mwalimu alikuwa na darubini. Waliipokezana, wakatazama, wakacheka kama watoto.

Agosti moja jike akaanza kuatamia. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa jumba akampigia Hiram simu: ukuta wote upakwe rangi upya. Hiram angeweza kusema, "Ule ukingo niachie kwanza." Aliogopa kazi isije ikapewa mwingine. Akanyamaza.

Ijumaa alishuka kwa kamba kutoka paani. Mwalimu alikuwa Seme, mazishini. Jike alimrukia, akaipiga kofia yake mara mbili, kisha akabaki akizunguka na kulia. Mayai yalikuwa matatu, mekundu kama udongo. Hiram aliyafunika kwa fulana, akajiambia ni saa moja tu. Lakini ukuta ulitaka kukwanguliwa, na adhuhuri mvua ikaja kutoka ziwani. Alipoyagusa tena jioni yalikuwa baridi. Jike aliyalalia siku nne zaidi, kisha akayaacha.

"Kumetokea nini, Baba Wanjiru?" Mwalimu aliuliza, akimwita kwa jina la bintiye kama siku zote.

"Kunguru, Mwalimu. Walikuja wengi Ijumaa, wakamzuia jike mpaka mayai yakapoa."

Mwalimu aliweka darubini chini. "Basi ni mimi. Ningekuwa hapa ningemwita mlinzi apande awafukuze."

Tangu siku hiyo aligeuza kiti chake, jumba likawa kisogoni. Hiram aliendelea kuja kunywa chai. Mara kwa mara Mwalimu alisema, "Siku moja tu niliondoka, siku moja," naye Hiram akatikisa kichwa kumhurumia.

Nyumbani Manyatta, mkewe Rahab alimwona akisukuma sahani pembeni, akamsaili mpaka akasema yote.

"Mayai yalishaharibika," Rahab alisema. "Lakini mzigo wako umembebesha mama wa watu. Nenda ukautue."

Ilimchukua wiki mbili zaidi. Siku alipokwenda hakuketi.

"Mwalimu, hakukuwa na kunguru. Ni mimi niliyeyafunika mayai ili nipake rangi."

Mteja alifika, akachagua kitabu cha hesabu, akaondoka. Ndipo Mwalimu akamtazama.

"Mayai ningekusamehe leo hii. Lakini miezi miwili unaniona najilaumu, na chai yangu unakunywa?"

Hiram aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Mwaka uliofuata kozi walitaga palepale. Msimamizi akapiga simu tena. Madirisha ya nje yalitaka kupigwa rangi. Safari hii Hiram alijikaza.

"Bwana, kuna ndege ghorofa ya saba. Tungoje mpaka makinda yaruke."

"Hakuna shida, mzee," msimamizi alisema. "Si haraka."

Simu ikakatika. Hiram alisimama barabarani Kondele, pikipiki zikimpigia honi apishe njia. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Hilo lilimchoma kuliko maneno yote ya Mwalimu.

Makinda mawili yaliruka mwezi wa Oktoba. Mwalimu alimtumia Hiram ujumbe mfupi, naye akaenda, wakatazama pamoja. Aliandaliwa chai. Lakini alipoaga, Mwalimu alimwita Bwana Njenga, na mpaka leo humwita hivyo.