Sindano ya Zuhura

Udogoni mwangu, miaka ya hamsini, huko mbele kidogo ya Bububu, wenzangu wakiogopa majini, mimi nikimwogopa dresa wetu, mtoa dawa wa zahanati. Hakuwa daktari, lakini ole wako usipomwita daktari! Koti jeupe mpaka magotini, na kabla hujamaliza kujieleza keshakumiminia dawa kwenye chupa uliyokuja nayo. Homa? Kwinini. Kiuno? Kwinini. Jirani yetu Bi Time alimpelekea mguu uliochomwa na mwiba, akarudi na kwinini. Paji la uso la mgonjwa halikupata hata siku moja kuguswa na mkono wake.

"Washenzi nyie," akitwambia. "Homa ni mbu. Hayo madege yenu ni ujinga mtupu."

Kwetu ikiaminiwa kuwa kuna ndege akipita juu ya paa, mtoto hushikwa na degedege, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Bibi yangu aliliamini hilo bila ya shaka yoyote.

Mdogo wangu Zuhura alishikwa na homa, kila akinyweshwa kwinini anaitapika. Mama akambeba kwa mbeleko mpaka kwa dresa, Bibi na mimi tukifuata. Dresa akavuta dawa kwenye sindano. Pale pale Zuhura akakakamaa, macho yakageuka.

"Usimchome!" Bibi akapiga kelele. "Degedege hilo!"

"Mama, mwache daktari," mama akamwambia, analia. "Mchome, baba, mchome!"

Nikamtazama dresa. Karudi nyuma hatua, yeye bwana mkubwa wa mbu! Akairudisha sindano kwenye sinia.

"Bi mkubwa asema kweli," akanong'ona. "Hii si homa ya spitali. Mpelekeni kwa mganga."

Kututukana aliweza. Kwa mganga Zuhura alifukizwa, na kabla ya alasiri alikuwa maiti.

Hitimani dresa alikuja na kanzu safi, akala pilau mpaka akajilamba vidole. "Nliwaambia," akasema, "ile haikuwa homa." Watu wakaitikia. Mama alikuwa ndani, anamsikia.

Bibi sina kinyongo naye, alisema alichokiamini. Lakini yule, Mungu anisamehe, namdharau hata kaburini. Sijui kama sindano ingemponya mdogo wangu. Nnachojua, watu wakisema Zuhura alichukuliwa na ndege, mimi naiona ile sindano kwenye sinia, imejaa.