Macho ya Zuhura: Kutoka Muyeye Hadi Kilifi

Tuliondoka Muyeye, hapa Malindi, Jumatatu baada ya adhuhuri, mimi na binti yangu Zuhura, kwa sababu ya jicho lake la kushoto. Ana miaka sita, na tangu akiwa mdogo jicho hilo lilikuwa likielekea puani. Miwani alivaa, haikulinyoosha. Wenzake wa chuo cha Kurani walimwita Kengeza, hata akawa anazungumza na watu ameinamisha uso. Daktari alisema misuli ya jicho ikirekebishwa litakaa sawa, na daktari bingwa wa macho alikuwa Kilifi wiki hiyo tu. Mama yake ana kichanga, kwa hivyo nilifunga cherehani nikaenda mimi.

Njiani, tulipofika Gede, Zuhura akaniuliza kama jicho litatolewa nje. Nilimwambia atalazwa usingizi, na daktari atafanya kama mimi nikipunguza kiuno cha suruali. Suruali yenyewe haiendi popote. Akacheka, maskini.

Magharibi tulipokelewa Kilifi na dada yangu Mwanaisha. Nilimweleza vizuri kwamba asubuhi mtoto asile kitu. Akaitikia. Lakini mimi namjua dada yangu: kwake hatoki mtu asubuhi na tumbo tupu, hata msoma mita ya maji hukalishwa akapewa chai.

Jumanne asubuhi, hospitalini, muuguzi aliuliza kama mtoto amekula. Nikajibu hapana, kifua mbele. Zuhura akanivuta shati.

"Baba, Shangazi alinipa hamri. Alisema moja si kula."

Muuguzi akafunga faili. Alieleza kwa upole kwamba mtoto akiwa usingizini chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na hilo huua. Kesho yake daktari alikuwa akimaliza kazi adhuhuri. Tukikosa, ni kungoja miezi. Nilimsihi, nikamwita sista, nikamwita mama, mpaka akatuandika wa kwanza kwa Jumatano.

Wallahi, nilirudi nimekasirika. Mwanaisha alinisikiliza huku machozi yanamtoka.

"Mtoto anakwenda kukatwa, nimtoe nyumbani kwangu na njaa? Ningewezaje?"

Nami nimelelewa hivyo hivyo. Jioni ile alimlisha Zuhura mapema, kisha akabeba mahamri yote yaliyobaki akayapeleka kwa jirani.

Jumatano hakuwasha jiko. Alikuja nasi hospitalini bila hata kunywa maji, akamwambia Zuhura kwamba leo wanafunga pamoja. Nilimshika mtoto mkono mpaka dawa ya usingizi ikamchukua. Tukakaa kwenye benchi, dada na tasbihi yake, mimi nikihesabu vigae vya sakafu na kukosea. Daktari alipotoka kusema imekwenda vizuri, Mwanaisha akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza kama sasa mtoto anaruhusiwa kula.

Alhamisi bandeji ilitolewa, tukapanda matatu kurudi Malindi. Jicho lilikuwa jekundu, na muuguzi alisema wekundu utaisha taratibu. Lakini lilikuwa limenyooka. Zuhura alikaa akinitazama usoni muda mrefu, nami nikawa namsimulia mambo ya nyumbani.

"Baba," akasema, "mbona ukiongea nami unaangalia paji langu la uso?"

 Miaka yote hiyo nilidhani namsitiri mtoto nisipomtazama machoni, kumbe alikuwa akiona. Nilifikiri ni yeye anayetuficha uso, ilhali sisi ndio tulioanza kuukwepa. Nikamgeukia, nikamtazama macho yote mawili, nikalia mbele za watu bila haya.